Thibitisha Kwamba Utarudi

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Visanduku vimepangwa kuteremka chini, kimoja kimetiwa alama. Jina la aliyeamua halipo, sahihi ni mkwaruzo tu. Nikikitafsiri kile kisanduku kwa Kiswahili cha kawaida, kilisema hivi: tuna shaka ya kutosha kuhusu nia yako ya kuondoka kwetu kabla muda wa viza haujaisha.

Nilikuwa nimealikwa siku nane. Warsha ya waandishi chipukizi, mji mmoja wa Ulaya, malazi na chakula juu yao. Nilipanda SGR Miritini, behewa la watu wa kawaida, nikaenda Nairobi kuchukuliwa alama za vidole. Nikalipa ada, euro 80 wakati huo (tangu Juni 2024 ni 90, na ukikataliwa haizirudi). Nikabeba kila walichotaka: mwaliko, bima, tikiti, taarifa ya benki ya miezi mitatu. Hiyo ya benki ndiyo iliyonitia haya, maana pesa ya mwandishi wa kujitegemea huja leo, ikakosekana wiki tano. Barua ya mwajiri? Sina mwajiri. Shule? Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda. Ndoa, watoto, shamba, gari? Hakuna, hakuna, hakuna, hakuna.

Nilimsomea mamangu ile barua jikoni kwetu Likoni, yeye anageuza mahamri.

"Kwani walitaka nini hawa?"

"Walitaka nithibitishe kwamba nitarudi, mama."

Akanyamaza kidogo. "Na ungerudi?"

"Bila shaka," nikasema. Nitalirudia swali hilo baadaye, kwa sababu nilijibu haraka mno.

Sasa tazama upande wa pili. Uwanja wa ndege wa Mombasa hauko kisiwani, uko Changamwe, huku kwetu bara. Mgeni akitua hapo, kitu cha kwanza kukiona njiani si Fort Jesus bali ni foleni ya malori ya makontena. Na kabla ya barabara ya Dongo Kundu kufunguliwa, kama anaenda Diani ilibidi avuke feri pamoja na sisi. Wengi wetu tumewajua watalii hivyo: yeye ndani ya basi dogo la hoteli, vioo vimepandishwa, sisi nje tumebanana na mikokoteni na mbuzi wa mtu. Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Wala haulizwi anaenda wapi na atarudi saa ngapi. Labda ndiyo maana sisi watu wa Likoni tunaona kuvuka maji si jambo la kuandikiwa barua.

Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 2023, Rais Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mtu wa pembe yoyote ya dunia atakayehitaji viza kuja Kenya. Watu wakashangilia, kisha wakasoma maandishi madogo. Viza imeondoka, ila kuna kibali cha kusafiria unachoomba mtandaoni kabla hujapanda ndege, kwa dola 30. Kwa aliyekuwa akilipa dola 50 za viza, hiyo ni nafuu. Kwa raia wa zile nchi ambazo tangu zamani walikuwa wakiingia kwetu bure, ni ada mpya iliyoitwa uhuru. Baadaye, 2025, karibu Waafrika wote wakasamehewa kile kibali. Ninasema karibu, na hilo pia nitalirudia.

Lakini pesa si kitu kilichonishughulisha. Nililinganisha fomu mbili, ya kwao na yetu. Yetu inamuuliza Mzungu atafikia hoteli gani na anakuja na ndege ipi. Hakuna mahali inapomwambia athibitishe kwamba atarudi kwao. Inachukulia kwamba atarudi. Huenda hana kazi, ameacha chuo kama mimi, anadaiwa na benki, ameachwa na mkewe na hataki tena kuuona mji wao. Hakuna anayemuuliza. Tumemwamini kabla hajafungua mdomo, na alichofanya kupata imani hiyo ni kuzaliwa pale alipozaliwa.

Mwanafalsafa Joseph Carens aliandika mwaka 1987 kwamba uraia wa nchi tajiri unafanana na ubwana wa enzi za kale za Ulaya: hadhi unayoirithi kwa kuzaliwa, inayokufungulia milango katika maisha yote, na ambayo ni vigumu kuitetea ukiitazama kwa karibu. Nilipoisoma hoja hiyo nilifurahi kama mtu aliyepata shahidi. Nikaitembeza wiki nzima, kwenye baraza ya kahawa, kwenye magrupu ya WhatsApp. Mpaka jamaa mmoja wa Mtongwe akanikumbusha mtu tunayemjua sote, aliyeondoka na viza ya siku 30 kwenda kumtembelea mchumba wake. Huu ni mwaka wa sita.

Basi afisa aliyetia alama kwenye kisanduku changu hakuwa anaota. Wapo. Tunawajua kwa majina, na wengine wao ndio waliolipa karo zetu. Yeye ana fomu mia mbele yake, ana dakika chache kwa kila moja, na anajua kwamba katika watu wanaofanana na mimi, kijana, hana mke, hana mshahara, kuna ambao hawakurudi. Swali ni kama ni haki mimi nihesabiwe kwa sababu ya yule.

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema si haki. Kisha nikakumbuka Kisauni. Binamu yangu anaishi huko, na anapotafuta kazi ya ulinzi au chumba cha kupanga upande wa Nyali, ameshajifunza asiseme anatoka mtaa gani. Magenge ya vijana wa panga yameuharibia jina mtaa mzima, na yeye, ambaye panga analijua la kukatia madafu, analipa. Nani anamlipisha? Sisi. Mimi mwenyewe nimewahi kumkatalia mteja aliyetaka tukutane Kisauni saa mbili usiku. Sikumuuliza yeye ni nani. Jina la mtaa lilitosha.

Na lile neno "karibu" la huko juu. Kenya ilipowasamehe Waafrika kibali mwaka 2025, iliacha nchi mbili nje, Libya na Somalia, kwa sababu za usalama. Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024. Sisi wenyewe basi tuna kisanduku chetu. Wapo na raia wetu tuliowatilia alama: miaka mingi Wakenya wa maeneo ya mipakani, Wasomali wa Kenya hasa, walipigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais alipotangaza kuufuta utaratibu huo Februari 2025. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi mashambani enzi za mkoloni, walisubiri mpaka 2016 kutambuliwa kuwa Wakenya. Wapemba wa pwani yetu, mpaka 2023. Mimi niliambiwa nithibitishe nitarudi nyumbani. Wao walikuwa wanaambiwa wathibitishe kwamba hapa ni nyumbani, na bila kitambulisho hicho hata pasi ya kuvukia Lunga Lunga uende Tanga huioti.

Kwa hivyo hoja ya Carens haikunitosha. Si kwamba ameteleza. Mimi nilitaka kuitumia kama mtu ambaye mikono yake ni safi, na siyo.

Nikamrudia mwingine, mzee zaidi. Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba kila mtu ana haki ya kutembelea nchi ya wengine, kwa kuwa dunia ni mviringo na hatuwezi kutawanyika bila mwisho, lazima tutakutana. (Yeye mwenyewe karibu hakutoka nje ya mji wake wa Königsberg na vitongoji vyake. Viza asingeihitaji.) Ila alitenganisha kutembelea na kukaa, akawasuta Wazungu wenzake ambao kwao kutembelea nchi za watu kulikuwa ni sawa na kuziteka. Na kitu ambacho wanaomnukuu hukiruka: alikubali kwamba mgeni anaweza kukataliwa, mradi kukataliwa kusimwangamize, na mradi akiwa amekuja kwa amani asitendewe kama adui.

Mimi sikuangamia. Nilikosa warsha. Kwa Kant, huenda afisa yule hakunikosea kitu.

Hata hivyo donge halikushuka, na nadhani sasa najua ni la nini. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huu hutumiwa kuwasema wageni wanaokaa sana, lakini tazama mpangilio wake. Kwanza ameingia. Amekula, amelala. Mtihani ni siku ya tatu, na anapimwa kwa analofanya na lile jembe. Hakuna anayesimama mlangoni akamwambia kabla hajavua viatu: thibitisha kwamba keshokutwa utalima.

Najua nyumba si nchi. Mgeni aliyezidisha, bibi yako atamwambia kwa mafumbo mpaka aelewe. Nchi haina mafumbo. Ina polisi, mahabusu na ndege ya usiku, na yawezekana kumzuia mtu mlangoni ni upole kuliko kumtoa ndani kwa pingu. Hapo sina jibu la kupendeza. Lakini angalau tukubali tunachokifanya: tunamhukumu mtu kwa jambo ambalo halijatokea, na tunamtaka alete ushahidi wa jambo lisilo na ushahidi. Nia ya kesho haina risiti. Kwa hiyo tunaomba risiti za vitu vingine, shamba, mshahara, mke, tunaziita nia.

Sasa swali la mamangu. Na ungerudi?

Nimelifikiria tangu siku ile. Ukweli ni kwamba sikuwa na mpango wa kubaki. Wala sikuwa na kitu kikubwa cha kunirudisha, zaidi yake yeye na deni la laptopu. Siku ya saba, mtu angeniambia kuna kazi ya miezi sita mahali, wallahi sijui ningesema nini. Naamini ningerudi. Kujua na kuamini ni vitu viwili.

Lakini yule mtalii wa Diani naye hajui. Kule Diani wapo wazee waliokuja kwa wiki mbili za jua wakabaki miaka ishirini. Wakafungua mkahawa, wakajenga, wakatengeneza karatasi zao baadaye. Hatusemi walidanganya kuhusu nia yao. Tunasema walipapenda. Yeye ameruhusiwa kuja bila kujua, akatazama bahari, akaamua. Mimi nilitakiwa niwe nimeshaamua nikiwa Likoni, na niapie.

Wiki iliyopita nimepata mwaliko mwingine, wa siku tano, Johannesburg. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Nilimwambia mama.

"Na huko hawaulizi kama utarudi?"

"Viza hawataki. Labda waone tikiti ya kurudi tu."

Akafuta mikono kwa leso. "Hiyo tikiti," akasema, "uje unionyeshe mimi kwanza."