Maji ya Kuoga na Pumziko la Nyumbani

Tunajua kuna wasomaji watakaocheka. Watasema: inchi iko na vita, barabara zimekufa, na hawa waalimu wanakaa kuandika juu ya kuoga! Tunawaomba wavumilie kidogo. Kati ya mila zote za wazee wetu wa Masisi na Walikale, ile ya kumpa mtu maji ili mwili wake upumzike ni moja ambayo kila nyumba ingali nayo, hata nyumba iliyokimbia mara tano. Tena ndani yake kuna swali ambalo limetusumbua kwa miaka karibu makumi mbili: je, mtu ana haki ya kutafuta raha katika maji yaliyobebwa na mgongo wa mwingine?

Tuanze na desturi yenyewe. Mgeni akifika kutoka safari ya miguu, kwetu hatumuulizi habari mara moja. Anapewa kiti, kisha anapelekewa maji. Kama jua limekwisha kushuka, maji hayo yanapashwa moto, mtu anaambiwa: "Enda uoge kwanza, habari tutasikia kisha." Mama aliyezaa anaogeshwa na wamama wenziwe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, na tumbo lake linakandwa kwa kitambaa. Wanaorudi kutoka makaburini wananawa mbele ya kuingia nyumbani. Hakuna anayefanya mambo haya kwa ajili ya usafi peke yake. Mtu anatolewa uchovu, damu, kilio, ndipo anarudishwa kati ya wenzake.

Lakini inchi zetu mbili hazifanani. Masisi ni milima. Mafasi mengi yanapita metre 2000, na baridi ya asubuhi kule Bihambwe ao Ngungu wenye kuijua wanaijua. Huko kuoga vizuri ni kupata moto: maji ya moto, ukuta unaozuia upepo, na nguo kavu karibu. Walikale ni pori na joto. Mtu anayetoka shambani ao kwenye machimbo anataka mto. Anaenda Lowa ao kijito kinachoiendea, anakaa ndani ya maji mpaka kichwa kinapoa. Na mto ulikuwa na sheria yake: juu wanateka maji ya kunywa, chini wanaoga na kufua, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Mtoto aliyevuruga utaratibu huo alikemewa na mtu mzima yeyote, hata asiye mzazi wake.

Wanyanga wana Mwindo wao, hadithi ambayo muzee Shé-Karisi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa kwa kitabu mwaka 1969. Mule, mtoto anafungwa ndani ya ngoma na kutupwa majini na baba yake mwenyewe, lakini maji hayamuui. Yanakuwa njia yake ya kwenda kwa shangazi. Wanafunzi wetu wanaipenda sana sehemu hii. Sisi pia, kila tukiingia kuoga jioni yenye matata, tunamkumbuka kidogo yule mtoto.

Sasa tuje kwa jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 2006 tulikuwa vijana, diploma ya ISP ingali mpya ndani ya shanduku, tukatumwa kufundisha mugini mmoja wa Masisi. Tulipanga chumba kwa jamaa moja nzuri sana. Kila jioni, saa kumi na mbili, sauti ilitoka nyuma ya nyumba: "Mwalimu, maji yako iko tayari." Beseni kubwa, maji ya moto, jiwe pana la kusimamia, ukuta wa mianzi. Baada ya saa sita za chaki na wanafunzi hamsini na kitu, ile ilikuwa raha yetu ya pekee. Tulikaa ndani nusu saa, wakati mwingine zaidi. Tulijimwagia kopo kwa kopo, tukisikia ng'ombe wakirudi.

Katika darasa letu la pili kulikuwa msichana aliyechelewa kila siku. Akifika, analala juu ya meza. Tulimuonya, tukamsimamisha mbele ya wengine, tukampiga magoti. Siku moja, kwa hasira, tukamuuliza mbele ya darasa lote:

"Unatoka wapi saa hizi?"

"Nilienda kuteka maji, mwalimu."

"Kila siku maji! Maji ya nani?"

Akanyamaza. Tukarudilia swali. Akatazama chini, akajibu kwa sauti ndogo: "Maji yako, mwalimu."

Darasa halikucheka. Ni afazali lingecheka.

Alikuwa mtoto wa ndugu ya mwenye nyumba, analala katika jiko la nyuma, na sisi hatukuwahi kujiuliza sura yake inafanana na nani. Chemchemi ilikuwa chini ya kilima. Bidoni moja ya litre 20 ni kilo 20, kamba kwenye paji la uso, na njia yote ni kupanda. Sisi tulitumia bidoni moja na nusu kila jioni. Watu wetu wanapenda kusema kwamba maji hayapandi mlima. Yanapanda sana! Tumeyaona yakipanda, juu ya mgongo wa mtoto wa miaka kumi na mine.

Tulipowaeleza wazee jambo hili, walituambia tusijisumbue. Muzee mmoja alitujibu hivi: mtoto anayemletea mkubwa maji anajifunza heshima, yeye pia kesho ataletewa. Neno hili si la kutupa. Ni kweli kwamba utumishi wa nyumbani ulikuwa shule, na sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Lakini tuliangalia vizuri, tukaona hesabu hairudi. Kijana wa kiume alileta maji mpaka sauti ilipobadilika, kisha akaacha. Msichana alileta akiwa mtoto, akaleta akiwa bibi ya mtu, akaleta akiwa nyanya. Ile "kesho ataletewa" kwake ilifika siku ya kuzaa na siku ya ugonjwa, basi.

Vijana wa mjini wao wana jibu lingine. Kule Goma wanasema: ninanunua bidoni kwa feza yangu, ninaoga ninavyotaka, hakuna anayenidai. Nalo lina ukweli wake, kwani mwenye kuleta amelipwa na anakula kwa kazi hiyo. Ila ndani ya nyumba ya watu kumi, bidoni mbili ulizomwaga peke yako ni zile ambazo mama hana tena za kupikia. Feza imelipa mbebaji. Haijawalipa wale mnaokaa nao. Kwa hiyo sisi hatukubali kwamba swali limekwisha kwa sababu mfuko ulifunguliwa.

Tungeweza basi kusema kwamba kuoga kwa raha ni ubinafsi, watu waoge upesi na kutoka. Wengine katika shirika letu walisema hivyo. Sisi tunakataa, na sababu yetu tuliipata mahali pabaya.

Februari 2024, vita ilipofika karibu na Sake, watu wengi wa Masisi walijazana katika makambi ya magharibi ya Goma, Bulengo, Lushagala na mengine. Kanuni za Sphere ambazo mashirika ya misaada yanafuata zinataka mtu mmoja apate angalau litre 15 kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga, na robine moja isihudumie zaidi ya watu 250. Aliyekaa kambini anajua umbali kati ya karatasi na foleni. Lakini wamama tulioongea nao hawakulalamika kwanza juu ya wingi wa maji. Walilalamika juu ya mafasi. Kuoga nyuma ya kipande cha bashi, upepo unakifunua, watu wanapita. Kuamka saa tisa ya usiku ili kuoga gizani, na giza lenyewe lina hofu yake. Mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alituambia: "Mwalimu, tangu nitoke kwetu sijawahi kuwa peke yangu hata dakika tano." Makambi hayo yaliondolewa Februari 2025, baada ya M23 kuingia Goma mwisho wa Januari, na watu wakaambiwa warudi. Neno la yule mama limebaki kwetu.

Hapo tulielewa. Katika nyumba zetu zenye watu wengi, bafu ni mahali pa pekee ambapo mtu hana mtoto wa kuamuru, hana mkubwa wa kuogopa, hana jirani wa kusalimia. Kwa robo saa anajirudia mwenyewe. Kumnyima mtu robo saa hiyo ni kumpunguza. Kwa hiyo shida haikuwa ile nusu saa yetu ya mwaka 2006. Shida ni kwamba mmoja alikuwa na nusu saa na mwingine hakuwa na hata dakika.

Wajapani wana mpango ambao ungewapendeza wazee wetu. Kila mtu anajisugua na kujisafisha kwanza inje ya pipa, kisha anaingia katika maji ya moto ambayo nyumba nzima itayatumia, mmoja baada ya mwingine. Mgeni akiwapo anatangulia. Moto mmoja, maji mamoja, na wote wanapumzika. Sisi hatuna mapipa kama yale, na hatusemi tuige. Ila inaonyesha kwamba raha ya kuoga inaweza kupangwa kwa nyumba, si kwa mkubwa peke yake.

Tuseme basi kidogo namna ya kufanya, juu watu wanapenda kutuuliza. Tafuta ukuta kamili: mianzi, mbao, hata majani ya ndizi yaliyofumwa vizuri, urefu upite kichwa cha mtu mrefu. Mlango ufungike kwa ndani. Hili linapita yote. Chini weka mawe mapana na njia ya maji kutoka, yaende kwenye migomba. Weka kigingi cha nguo na kiti kidogo, kwa kuwa anayeoga amesimama katika tope hawezi kupumzika. Chukua bidoni ya litre 5, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, itundike imegeuka: ukifungua kidogo maji yanashuka kama mvua, na litre 8 ao 10 zinatosha kabisa mahali ambapo kopo lingemaliza 20. Bidoni nyeusi iliyowekwa juani tangu asubuhi inapunguza kuni. Penye mabati, maji ya mvua ni mgongo uliookolewa. Inashangaza ni nyumba ngapi zina mabati na hazina hata kipande cha mfereji.

Kuhusu saa, desturi ya jioni ilikuwa na akili. Watafiti wa chuo kikuu cha Texas, Marekani, walikusanya masomo mengi mwaka 2019 wakaona kwamba maji ya joto la digrii 40 mpaka 42, saa moja ao mbili mbele ya kulala, yanasaidia usingizi kuja upesi. Sababu yake ni nyepesi: damu inakuja kwenye ngozi, kisha mwili unaacha joto lake na kupoa, na mwili unaopoa unatafuta kulala. Dakika kumi zinatosha. Sisi na nusu saa yetu tulikuwa tunapoteza kuni tu.

Wengine wanaongeza majani ya mukaliptusi ndani ya maji ya moto, harufu inafungua kifua. Vizuri. Lakini tunaomba sana: usiingize mbabula yenye makala katika chumba kilichofungwa ili upate joto unapooga. Gazi ya makala haina harufu na inaua mtu akidhani anasinzia kwa raha. Na wale wanaoteremka kuoga kandokando ya ziwa karibu na Goma na Sake, wajue mazuku: gazi nzito inayolala katika mashimo ya ardhi, zaidi asubuhi na mapema wakati hakuna upepo. Mtoto anakufa mahali ambapo mtu mrefu anapita salama. Penye majani makavu na wadudu waliokufa, usiiname.

Yule msichana alimaliza masomo? Hapana. Aliolewa mbele ya darasa la ine. Siku ile ile ya swali letu tulianza kuteka maji wenyewe, na mwenye nyumba aliona haya mbele ya majirani, akatuomba tuache, kisha akamtuma msichana yule kwa kazi nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kusema tulimsaidia. Alipata usingizi kidogo zaidi kwa wiki chache.

Nyumbani kwetu leo watoto wa kiume wanateka sawa na wasichana, na baba anachukua bidoni yake ya siku ya posho. Kila mtu ana robo saa yake na mlango unafungwa. Mama yetu mzee, alipotuona mara ya kwanza na bidoni begani, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema majirani watadhani tumerogwa. Kisha akaingia kuoga, akakaa kule ndani karibu saa nzima, na hakuna aliyegonga.