Kukopi na Kukopa

Wapiga gitaa wetu wana neno lao la kazi, nalo ni kukopi. Bendi ikipiga wimbo wa bendi nyingine kama ulivyo, husemwa kwamba imekopi. Na kijana aliyeshinda juma zima akiurudiarudia wimbo mmoja hadi vidole vikaujua, huwaambia wenzake kwa majivuno kuwa ameukopi wote, pamoja na solo yake. Neno limetoka Kiingereza, lakini lilipofika kwetu likaketi karibu kabisa na neno letu la zamani, kukopa. Kufanana kwa maneno si hoja, najua. Hata hivyo ujirani huu umenisaidia kulifikiri swali ambalo vijana wa hapa Karatu wameniuliza zaidi ya mara moja: anayepiga nyimbo alizotunga mtu mwingine, na kupata chochote kwa kuzipiga, amefanya nini hasa? Ameiba, ameazima, au amekopa?

Lugha yetu inayatenganisha mambo haya vizuri. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lile lile. Ukikopa debe la mahindi, huwezi kurudisha mahindi yale, kwa kuwa watoto wameshayala. Unalipa kwa mahindi mengine, ya shamba lako mwenyewe, msimu ukifika. Na mwizi ni yule anayelichukua debe usiku, kesho yake akasema mahindi haya nimeyalima mimi.

Swali hili si la vitabuni tu. Mji wetu uko kando ya barabara iendayo Ngorongoro, na wageni hulala katika mahoteli na kambi zilizotuzunguka kabla ya kuteremka kreta asubuhi. Vijana wenye magitaa huitwa jioni kuwatumbuiza. Aghalabu hawana mshahara. Wana kikapu mbele ya miguu yao. Nyimbo ambazo hazikosekani ni mbili, Malaika na Jambo Bwana. Kijana mmoja niliyemfundisha shule ya msingi alinisimulia, bila wasiwasi wowote, jinsi mgeni alivyomwuliza Malaika ni wimbo wa nani. Naye akajibu kwamba ni wimbo wa asili wa kabila letu, tumeurithi kwa bibi zetu. Mgeni alifurahi sana, akaongeza noti kikapuni.

Nilimwuliza kwa nini alisema hivyo. Akanijibu, “Mwalimu, kwani nimemwibia nani? Mwenyewe alishakufa, na mgeni kesho anaondoka.”

Jibu hilo si la kupuuzwa, maana wengi wetu hujiambia maneno ya namna hiyo katika mambo mengine. Na kabla ya kulipinga sina budi kumtetea kijana mwenyewe kwa upande mmoja: kukopi kwenyewe si kosa.

Ndiyo shule pekee ambayo wapiga gitaa wetu walio wengi wamepata kuisoma. Enzi za ujana wetu wimbo ulipita redioni, na aliyetaka kuujifunza alisubiri siku nyingine upite tena. Baadaye zikaja kaseti, na mkanda ukarudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Leo kijana hupunguza mwendo wa wimbo katika simu yake hadi asikie kila uzi. Njia zimebadilika, kazi ni ile ile. Anayekopi kwa uaminifu hujifunza mambo ambayo hakuna aliyemwandikia. Hugundua kwamba katika muziki wetu wa dansi gitaa la rizimu hurudia jambo fupi lile lile, na kwamba likinyamaza, solo iliyokuwa iking'ara hubaki uchi. Hugundua jinsi Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, alivyolifanya gitaa moja lisikike kama mawili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba. Mambo haya huingia kwa vidole, na vidole hujifunza kwa kuiga.

Wakubwa nao walikopa. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa wameisikiliza mno santuri kutoka Cuba. Na muziki huo wa Cuba, kwa sehemu kubwa, ulitokana na ngoma za watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wao kutoka nchi za Kongo. Deni lilikuwa limezunguka bahari, likarudi.

Tazama lakini kwamba Salum Abdallah hakulificha. Jina la bendi lilikuwa kama hati ya deni iliyobandikwa mlangoni. Hali kadhalika wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 walijiita Les Wanyika; walihama nyumba, ila hawakuacha jina la ukoo. Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alisafiri mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi Shaba kujifunza kwa Mwenda na wenzake, kisha akatoa kitabu, Shaba Diary, mwaka 1982, ambamo walimu wake wametajwa kwa majina yao. Alichukua maarifa yao akaenda nayo Ulaya, na hakuna anayemwita mwizi.

Basi wizi hauko katika kuchukua. Uko katika kuficha. Kijana wangu hakukosea alipopiga Malaika; alikosea alipofungua mdomo baada ya kuupiga.

Atasema, na ana haki ya kusema, kwamba wimbo wenyewe una ubishi. Ni kweli. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililoenea. Adam Salim naye alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, mwaka 1945. Miriam Makeba akauimba ulimwenguni, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na Fadhili William alipofariki mwaka 2001 ubishi ulikuwa haujaisha. Sasa mpiga gitaa wa Karatu amtaje nani? Naona anaweza kuutaja ubishi wenyewe. Kusema, “Wimbo huu ulirekodiwa na Fadhili William, na wapo wanaodai ni wa mwingine,” hakumalizi pumzi ya mtu. Mdaiwa asiyejua kwa hakika anayemdai ni nani haruhusiwi kwa sababu hiyo kusema hana deni.

Wala kifo hakifuti. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kwamba haki ya mtunzi haizikwi pamoja naye, bali hubaki kwa warithi wake kwa muda uliowekwa. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, kuna aliyeibiwa ambaye kijana hakumfikiria: bibi yake mwenyewe. Wairaqw wana nyimbo zao, na wana slufay, ile sala ndefu ambayo mzee mmoja huitamka na wengine wakamwitikia. Anayemwambia mgeni kwamba Malaika ndio urithi wa bibi zetu amemnyang'anya Fadhili William jina, na papo hapo amemnyang'anya bibi yake sauti. Mgeni ataondoka akidhani amewasikia Wairaqw, kumbe hajawasikia kabisa.

Imebaki sehemu ngumu zaidi. Kumtaja mwenye mali ni kukiri deni, si kulilipa. Pesa inayomstahili mtunzi ilipwe panapohusika. Hilo ni la sheria na ofisi zake. Lakini mpiga gitaa amekula kitu zaidi ya wimbo. Amepewa mkono, amepewa sikio. Hilo hatamlipa Mwenda Jean Bosco, aliyefariki mwaka 1990, wala Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na hapa anayedai hayupo tena. Mimi naona deni la namna hii hulipwa kama lile la debe: kwa mahindi ya shamba lako, yaingie katika ghala ambalo wengine nao watakopa. Yaani, atunge.

Nimewahi kupingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba hakuna jipya, na kila wimbo una harufu ya mwingine. Mwenye hoja hiyo aende kuisikiliza slufay. Maneno mengi ya sala ile ni ya kurithi, na mzee anayeitamka hadai kuyabuni. Lakini ndiye anayeyapanga leo, kwa ajili ya mvua ya mwaka huu na watu walio mbele yake, na wale wanaoitikia wanajua ni yeye anayesema. Upya si kutofanana na mtu yeyote. Ni kuwa tayari kujibu kwa kile ulichokisema. Anayekopi tu hajibu lolote. Maneno yakiwa ya uongo au ya upuuzi, atasema si yangu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: si kila mtu amejaliwa kutunga. Nakubali. Wapo wapiga rizimu hodari ambao hawatatunga wimbo hata mmoja, na bendi haisimami bila wao. Hao wana njia nyingine ya kulipa, nayo ni kumfundisha mwingine bila kumficha kidole. Asiyetunga na asiyefundisha, huyo ndiye aliyekula debe la watu akalala.

Jambo Bwana, ule wimbo wa pili wa kila jioni, ulitolewa mwaka 1982 na Them Mushrooms wa Kenya, na aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison. Bendi yao ilikuwa ikiwatumbuiza watalii katika mahoteli ya Pwani. Alikuwa amekaa pale pale anapokaa kijana wangu: gitaa mkononi, mgeni mbele yake. Akaweka chake.

Kijana mwenyewe hajaacha kwenda hotelini, na sikumwambia aache. Siku hizi hutaja majina, na ananiambia kwamba noti kikapuni zimepungua, kwa kuwa wageni walipenda zaidi habari ya bibi. Siwezi kumwahidi kuwa zitarudi. Yeye na wenzake wawili wametunga wimbo wa vijana wanaoteremka Mang'ola kung'oa vitunguu, na solo yake ina harufu ya Morogoro ya zamani. Wanaupiga mwishoni, wageni wengi wakiwa wameshakwenda kulala. Wapishi na walinzi hubaki, na wao wanayajua maneno.