Wenye Ufundi Mmoja

Tafakari ya wiki. Somo: Matendo ya Mitume 18:1–4 na 24–28

Paulo aliingia Korintho akiwa peke yake. Alikuwa ametoka Athene, ambako wengine walimdhihaki alipotaja ufufuo, na Sila na Timotheo walikuwa hawajamfikia. Luka hasemi kwamba alitafuta jukwaa. Anasema alimkuta Akila, Myahudi mzaliwa wa Ponto, na mkewe Prisila, watu waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Kazi yao na kazi yake ilikuwa moja, kushona mahema. Basi akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja.

Wahubiri wengi huzipita aya hizi mbio ili wafike sinagogini. Wiki hii tukae hapo hapo karakanani. Urafiki uliokuja kulibeba kanisa la Korintho, na baadaye la Efeso, ulianza kwa watu watatu wasio wenyeji kuulizana habari za sindano na nyuzi. Mungu hakuona kuwa huo ni mwanzo duni.

Hapa Kitengela nimeuona mwanzo wa namna hiyo kwa watu wanaopenda kamera za filamu. Baada ya ibada ya pili hukaa chini ya mgunga karibu na lango la kanisa, wachache wao, vijana wapiga picha za harusi na wazee wawili watatu waliostaafu. Kamera wanazozipenda zaidi ni zile ziitwazo renjifainda, yaani kamera zenye kipima umbali ndani yake. Yupo mwenye Zorki aliyoachiwa na baba yake mkubwa, ambaye alisoma Umoja wa Kisovyeti miaka ya 1960. Yupo mwenye Yashica aliyoinunua kwenye mtumba mjini Nairobi. Yupo asiye na kitu, anayekuja kushika za wenzake.

Mnaujua mji wetu. Umejaa watu waliokuja: wa viwanda vya saruji na wa EPZ kule Athi River, wanaopanda matatu alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku, wafanyabiashara wa barabara ya Namanga, na wenyeji wetu Wamaasai, ambao hapa palikuwa malisho yao kabla hapajakatwa ploti. Tumejengeana kuta za mawe na mageti ya chuma, na mtu anaweza kumaliza miaka bila kulijua jina la aliye upande wa pili wa ukuta. Na hata tukikutana, swali la kwanza ni gumu. "Kwenu ni wapi?" ni swali zito katika nchi hii, na uchaguzi unapokaribia hubeba hofu. Mwulizaji anataka kujua kabila, na mwulizwaji anajua anachotafutwa.

Chini ya mgunga swali la kwanza ni lingine: "Hiyo ni gani?" Mwenye kamera huivua shingoni na kumpa mtu asiyemjua. Kabla hajaulizwa jina ameshaaminiwa na kitu cha thamani. Nimekaa nao mara nyingi, na ninaamini kwamba hiyo ni salamu ya Kikristo hata pale ambapo hakuna aliyetaja jina la Kristo.

Nawaombeni mnivumilie nieleze jinsi kamera hizi zinavyofanya kazi, maana fundisho lenyewe limo humo. Katika kamera nyingine kubwa unachungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa kioo kilichomo ndani. Renjifainda haina kioo hicho. Ina madirisha mawili mbele, moja kubwa na moja dogo, na yote mawili humtazama mtu yule yule kutoka mahali tofauti kidogo. Ukichungulia, katikati ya picha kuna kipande chenye mwanga ambamo mtu huonekana mara mbili.

Wiki iliyopita mzee mmoja alikuwa akimfundisha binti wa kidato cha tatu.

"Chungulia pale langoni. Unaona watu wangapi?"

"Wawili, mzee. Hapana, ni mama mmoja, lakini yuko mara mbili."

"Haya, zungusha pete ya lenzi. Taratibu. Usimtafute kwa haraka. Wakikutana wakawa mmoja, acha hapo hapo."

Binti alizungusha, akapitiliza, akarudisha, kisha akatulia. "Amekuwa mmoja!" Alilisema kwa sauti iliyowageuza watu wengine shingo. Umbali ulikuwa umepimwa na lenzi ilikuwa imekaa sawasawa.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Dirisha moja peke yake haliwezi kupima umbali. Linaona vizuri, lakini halijui kama mtu yuko hatua 3 au 30. Na madirisha mawili yakisogezwa karibu mno, kipimo kinadhoofika. Kadiri yanavyoachana ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi zaidi. Katika kamera za Leica za aina ya M, madirisha hayo yameachana karibu sentimita 7, na mafundi wanaihesabu nafasi hiyo kuwa sehemu ya ubora wa kamera. Ile tofauti ya mahali pa kusimamia ndiyo inayoipa kamera uwezo wa kujua ukweli wa mtu aliye mbele yake.

Kamera hizi zina historia ambayo Mkristo ana sababu ya kuijua. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu, na kamera nzito za zamani zilimchosha. Aliunda kamera ndogo, na Leica ikaanza kuuzwa mwaka wa 1925. Mwaka wa 1932 ikaja Leica II, ambayo kipima umbali chake kimeunganishwa na lenzi. Miaka miwili baadaye, mjini Kharkiv nchini Ukraine, ilianza kutengenezwa kamera ya kuigiza Leica, iitwayo FED. Waliotengeneza walikuwa vijana wa makao ya watoto yatima na wa mitaani. Watoto ambao wengine waliwaona kuwa takataka waliweza kusawazisha vifaa vidogo vinavyodai usahihi wa hali ya juu. Kila nikipita stendi yetu nikawaona vijana wa chupa na gundi, nawakumbuka wale wa Kharkiv.

Na kule Wetzlar, Hitler alipoingia madarakani, Ernst Leitz wa pili, mwenye kampuni, aliwaajiri Wayahudi na kuwapeleka ng'ambo, wengi wao New York, wakafanye kazi katika ofisi zake. Inasimuliwa kwamba waliondoka na Leica shingoni, kwa sababu ilikuwa kitu cha thamani na chombo cha kuanzia maisha. Binti yake, Elsie Kühn-Leitz, alifungwa na Gestapo kwa kuwasaidia wanawake wa Kiyahudi kutorokea Uswisi. Mnaona jinsi tulivyorudi kwa Akila na Prisila? Nao walifukuzwa kwa sababu ya damu yao, na ufundi wao ndio uliowapa pa kuanzia katika mji wa ugenini.

Turudi kwenye mgunga, tusikie wanavyoshauriana. Ushauri wao ni wa watu waliokwisha kuumia. Ukiwa na Zorki au FED, vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi ya shata, la sivyo unaweza kuvunja mashine ya ndani. Usiiache kamera yenye pazia la kitambaa ikilitazama jua, kwa maana hakuna kioo cha kulikinga pazia, na jua la Kajiado likipita kwenye lenzi huweza kulitoboa. Ondoa kifuniko cha lenzi, kwa sababu ukichungulia dirishani utaona kila kitu kizuri huku filamu ikibaki giza. Kabla ya kununua, elekeza kamera kwenye vilima vya Ngong, zungusha pete hadi mwisho, uone kama vilima viwili vinakuwa kimoja. Visipokutana, kipima umbali kimepotoka, kinahitaji fundi.

Siku moja alikuja kijana mwenye furaha nyingi, ameshanunua. Lenzi yake ilikuwa na kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama mizizi, na pesa alizotoa zilikuwa nyingi. Alikuwa ameanza kuwaeleza wote jinsi alivyobahatika. Mzee mmoja aliiona kuvu ile mara moja. Hakusema. Alingoja watu wapungue, akamwita pembeni, akamulika lenzi kwa tochi ya simu, akamwonyesha. Kisha akamwambia aje kwake Jumamosi waone kama inasafishika, na akamwazima yake mpaka siku hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Apolo. Alikuwa msomi wa Aleksandria, mwenye ufasaha na moto rohoni, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia sinagogini. Hawakumkatiza mbele za watu. Walimchukua, wakamfafanulia yaliyompungukia, na ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha Akaya, akawe msaada mkubwa kule. Kanisa lilipata mwalimu kwa sababu watu wawili washona mahema walijua kumrekebisha mtu bila kumvunja.

Hapa Kenya tunaye Priya Ramrakha, aliyezaliwa mwaka wa 1935, mmoja wa Waafrika wa kwanza kupigia picha majarida ya Time na Life. Alikuwa kijana mwenye kipawa katika nchi iliyotawaliwa kwa ubaguzi, hadi Eliot Elisofon, mpiga picha wa Life, alipomtia moyo na kumsaidia aende kusoma Los Angeles. Aliuawa Nigeria mwezi Oktoba 1968 akipiga picha za vita vya Biafra. Picha zake tunazo leo kwa sababu aliyemtangulia katika kazi aliona kipawa chake, akakifungulia njia.

Wapendwa, ninyi mlio mafundi, walimu, manesi, wahasibu, washonaji: ni nani mdogo katika kazi yako aliyekuja kwako na lenzi yenye kuvu, ukamcheka? Au ulimnyamazia, ukaona si juu yako?

Jambo la mwisho linahusu kupiga picha watu wa Kajiado, na hapa nasema kwa uchungu. Renjifainda haimfai mtu anayetaka kuvuta picha kutoka mbali. Lenzi zake za kawaida ni za milimita 35 au 50, kwa hiyo lazima umsogelee mtu mpaka msikie sauti zenu. Kwenye mnada wa ng'ombe hutampiga mzee picha bila kumsalimu. Utasema "Sopa", naye ataitika "Epa". Watoto watakuinamishia vichwa uwaguse, nawe usipogusa watajua hukulelewa. Kufikia hapo huwezi tena kumchukua kama pambo.

Picha za Wamaasai zimeuzwa miaka na miaka kwenye kadi za posta bila jina la mtu. Nasi kanisani tumefanya karibu na hayo. Wakati wa ukame mkali ulioishia mwaka wa 2023, ng'ombe walipokufa kote Kajiado, vikundi vingi vilipeleka unga, na kila pakiti ikapigwa picha mikononi mwa mama aliyekuwa akiona haya. Picha hizo zikazunguka kwenye simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, kumpiga mtu picha akiwa na njaa ili sisi tuonekane tumetoa ni dhambi. Tuache.

Na tukisha kusogeleana, tukubali kwamba hatuoni kutoka mahali pamoja. Aliyenunua ploti anaona hati na ua. Mfugaji anaona njia ya maji, na njia ya nyumbu kutoka mbuga ya Nairobi kuelekea nyanda za Athi-Kaputiei, ambayo ua umeifunga. Mwaka wa 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasizungushe ua, kwa sababu kulikuwa na watu walioketi na kuuona uwanda huu kwa macho ya pande zote mbili. Lakini tazameni kamati zetu za kanisa. Wengi wetu tumetoka mtaa mmoja na tuna kipato kinachofanana, na tunashangaa kwa nini tunakosea kupima mahitaji ya wengine.

Naomba basi mambo mawili kabla ya Jumapili. Kila kamati imwalike mtu mmoja anayeuona mji huu kutoka upande usio wake, imsikilize kabla ya kupitisha bajeti. Na kila mmoja wenu amtafute mwenye ufundi kama wake ambaye hajawahi kuingia kwake, amkaribishe chai, waongee kazi. Wenye kamera watakuwa chini ya mgunga kama kawaida baada ya ibada ya pili. Asiye na kamera aje vilevile, ataazimwa.