Wajihi wa Maua

Katika Kiwelisi, blodau ni maua na gwedd ni sura. Yaunganishe, upate Blodeuwedd, jina la mwanamke katika tawi la nne la Mabinogi, hadithi zilizohifadhiwa katika miswada ya karne ya 14. Nimelifasiri mara nyingi. “Sura ya Maua” ni sahihi lakini ni baridi; “Wajihi wa Maua” lina mahadhi ya kwetu, nami nikaliridhia.

Mwanamke huyu hakuzaliwa. Arianrhod alimwapiza mwanawe, Lleu, asipate mke katika uzao wa dunia hii. Ndipo wachawi wawili, Math na Gwydion, wakachuma maua ya mwaloni, ya kichaka cha njano, na ya mmea mweupe unukiao wa mabondeni, wakaumba mke. Wakamwita Blodeuedd, yaani Maua tu, wakamwoza. Hadithi haisemi popote kwamba aliulizwa.

Kisha akapenda. Gronw alipita akiwinda, akakaribishwa kulala, na usiku ule ule yakawa yaliyokuwa. Wakala njama, bibi akamdadisi mumewe siri ya mauti yake, na Gronw akatumia mwaka mzima kuunda mkuki. Hapa simtetei. Udadisi ule, uliovishwa nguo ya huruma, ulikuwa wake mwenyewe, si wa aliyemuumba.

Ila swali langu latangulia mkuki. Aliyeumbwa awe haja ya mwingine, ana deni gani la uaminifu? Ahadi hutoka kinywani mwa mwenye hiari. Huyu alipewa kinywa na mume kwa mkono mmoja. Nasema ana hatia ya damu, hana hatia ya ndoa. Hiyo ni ya wachumaji, na hadithi haikuwashitaki.

Lleu alipona. Gronw, kabla ya kuuawa, aliomba aweke jiwe kifuani limkinge, akakubaliwa, ijapokuwa mkuki ulipenya. Bibi hakuachiwa ombi. Gwydion alimgeuza bundi, achukiwe na ndege wote, asithubutu kuonekana mchana, na jina lake asilipoteze milele.

Na hapa ndipo jina linapobadilika herufi: Blodeuedd anakuwa Blodeuwedd. Mtazame bundi, manyoya yalivyotandaa kuzunguka macho kama petali. Miaka yote nimelifasiri jina hili kama sifa ya mrembo, nikilitafutia vina vya asumini na waridi; kumbe uso unaotajwa ni ule ambao kwetu ukitua juu ya paa usiku, watu huamka wakaomba dua.