Siku Barabara Ilipokuwa Yetu

Mtu wa baiskeli kwenye barabara ya Mingoyo–Masasi huendesha kwa masikio. Macho yanatazama mbele, lakini kazi kubwa inafanywa na masikio, maana hatari inatoka nyuma. Ukisikia mngurumo unakadiria umbali. Ukisikia honi hukadirii tena, unashuka. Unaiacha lami, unaingia kwenye changarawe na majani, mguu mmoja chini, unasubiri basi lipite na upepo wake, kisha unapanda tena. Hakuna aliyetufundisha. Nimekulia Nanganga, pale njia ya kwenda Ruangwa na Nachingwea inapochepuka kutoka barabara kuu, na sikumbuki siku niliyojifunza kuogopa honi, kama nisivyokumbuka siku niliyojifunza kutembea.

Mwanzoni mwa Mei 2024 nilikuwa nyumbani. Nilitoka Dar es Salaam kwenda kuandika pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika falsafa, kwa imani potofu kwamba kijijini kuna utulivu wa kuandika. (Kijijini kuna mbuzi, wageni, na mama mwenye orodha ya kazi.) Mvua zilikuwa zimeshazidi. Kisha kikaja Kimbunga Hidaya, na barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Maji yaliondoka na tuta la barabara, Lindi na Mtwara tukabaki ng'ambo. Malori yalipanga foleni, abiria wakalala kwenye mabasi, na wenye haraka na nauli wakazungukia Songea na Tunduru.

Ukanda ule wa pwani, kuanzia bonde la Rufiji kushuka hadi Kilwa, una nchi kubwa ya tambarare: mabonde ya mpunga, mito inayokwenda taratibu, vinamasi, mikoko. Ardhi ya namna hiyo ni tamu kwa baiskeli kwa sababu ileile inayoifanya iwe chungu kwa mafuriko. Haina mteremko. Miguu haichoki, na maji hayaondoki.

Sisi wa Nanganga tuko mbali na Somanga, hatukuyaona maji yale. Tulichokiona ni ukimya. Mabasi ya Dar ambayo tulizoea kuyatumia kama saa ya ukutani hayakupita asubuhi, wala mchana, wala kesho yake. Malori nayo hayakuonekana. Zikabaki bodaboda na gari moja moja za hapahapa kwetu.

Siku ya tatu nilichukua Phoenix ya baba, nikajaza upepo, nikashika njia ya Mtama. Sikuwa na safari. Kwetu hilo peke yake ni jambo la kuulizwa, kwa sababu baiskeli ina kazi: gunia la korosho, ndoo za maji, mgonjwa kwenye keria. Kijana mwenye baiskeli tupu anayekwenda mahali pasipo na shughuli, ama ana mchumba huko ama ana matatizo.

Barabara inafuata bonde la Lukuledi, uwanda wa Makonde upande mmoja na wa Rondo upande wa pili, vyote vikiwa na ukungu juu. Bondeni mpunga ulikuwa umesimama majini. Nilianza pembeni kama kawaida, masikio nyuma. Baada ya muda nikagundua hakuna cha kusikiliza, nikasogea hadi kwenye mstari mweupe wa katikati. Kilichofuata ni vigumu kukieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuogopa honi. Masikio yangu yalirudi kwangu. Nilisikia mnyororo, nikasikia vyura, nikasikia watoto wakipiga gumzo mbali bondeni. Mbuzi walikuwa wamelala juu ya lami kwa sababu ya joto lake, hawakuinuka. Akina mama watatu walitembea katikati ya barabara wamebeba kuni, sambamba, wakizungumza. Ndipo nilipotambua kwamba maisha yangu yote nimewaona wanawake wakitembea barabara ile mmoja nyuma ya mwenzake, na kwamba mistari ile ilikuwa imewanyima mazungumzo.

Nilirudi nyumbani jioni nimelewa raha. Nikamwambia mama, "Laiti barabara ingebaki hivihivi mwezi mzima."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Wenzio wamelala Somanga," akasema.

Hapo ndipo pendekezo langu la utafiti lilipoharibika, kwa maana sikuweza tena kufikiria kitu kingine. Je, nilikosea? Niliwaza kwanza kwa njia ya darasani. Furaha yangu haikumgusa mtu. Kama ningejifungia chumbani kwa huzuni, tuta la Somanga lisingejengeka kwa haraka zaidi. Dunia ilikuwa na taabu ya kiasi fulani, mimi nikaongeza raha kidogo upande wa pili wa mizani, nani kaibiwa? Hoja hiyo ni safi, na nilipoirudia kwa mara ya tatu nikajua siiamini.

Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anafungua kitabu cha pili cha utenzi wake mkubwa kwa picha ya mtu aliye nchi kavu akitazama wengine wakihangaika katika bahari iliyochafuka. Anaiita hali hiyo tamu, kisha anaharakisha kujitetea: utamu hautoki katika mateso ya wale, unatoka katika kujua umeepushwa na nini. Nilidhani utetezi huo utanifaa. Haukunifaa. Mtu wa Lucretius angalau anawatazama. Mimi siku ile, juu ya mstari mweupe, sikuwafikiria watu wa Somanga hata dakika moja. Na raha yangu haikutoka katika kuepushwa. Ilitoka kwao moja kwa moja, kama maji yanavyotoka kisimani: wasingekwama wao, nisingepita mimi.

Waswahili walishalisema: kufa kufaana. Kwa kawaida tunaitumia kwa fundi jeneza, au kwa mwenye duka aliyekuwa na sukari ghalani barabara ilipokatika. Tunaitamka tukibetua mdomo, kana kwamba maana yake ni "mmoja akifa, mwingine hufaidika". Lakini methali haisemi kufa kufaa. Inasema kufaana. Ile -ana ina kazi, kama ilivyo katika kupendana na kudaiana: jambo linakwenda na linarudi. Kifo chako kinanifaa. Sasa mimi nakufaa vipi? Sijui kama wazee waliotunga walikusudia hivyo, au walihitaji tu neno linalokaa vizuri mdomoni. Kwangu mimi kiambishi kile kiligeuka deni. Mwenye duka aliyepandisha bei anachukua kutoka kwa aliyekwama, na sote tunamlaumu. Mimi nilichukua kitu kisicho na mwenyewe, ukimya, na hakuna wa kunilaumu. Bado nilikuwa nimepokea.

Kuna barabara tupu ambazo hazimdai mtu. Kigali wana utaratibu ulioanza mwaka 2016: Jumapili maalumu asubuhi barabara kadhaa hufungwa kwa magari, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, saa zikitimia magari yanarudi. Utupu ule umekubaliwa, kila mtu anajua unaanza lini na unaisha lini. Nilimweleza baba mkubwa habari hiyo nikidhani itampendeza. Akacheka. Alisema barabara tupu wao wameiona sana, hawaihitaji Jumapili. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, kusini kulifungika kama mlango. Akanikumbusha na reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. "Ile ndiyo njia tupu," alisema. "Nenda kaiendeshe baiskeli."

Alfajiri ya siku ya tano jirani yetu mmoja, mzee, alifariki. Alikuwa ameumwa muda mrefu na hakuna aliyeshangaa. Binti yake mkubwa alikuwa Dar es Salaam. Walimpigia, akalia, akauliza kama kuna gari lolote linalopita. Aliulizwa yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa upande wenye habari. Mzee akazikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri. Makaburini kijana mmoja alishika simu juu, spika imefunguliwa, ili dada asikie dua. Mtandao ulikuwa unakatika. Kwa desturi yetu asingefika makaburini siku ile hata angekuwepo, lakini angemwona baba yake uso kabla hajafunikwa.

Basi la kwanza kutoka Dar lilipopita, nilikuwa barabarani tena na baiskeli. Nilisikia honi kwa nyuma, nikashuka kwenye majani. Watu wa njia panda walishangilia, wengine wakapunga mikono. Mimi nilipunga pia. Ndani, kabla ya kitu chochote kingine, nilisononeka. Ilikuwa nusu sekunde. Nimejaribu kuieleza nusu sekunde ile kama mazoea, kama mshtuko wa honi, kama uchovu. Ilikuwa majonzi ya mtu aliyenyang'anywa.

Dada alifika siku chache baadaye. Alikaa na mama yake, akapokea pole, na asubuhi moja akaja kwetu kuuliza kama naweza kumpeleka kaburini. Miguu ilikuwa imevimba kwa safari. Nilifuta keria, nikaikunjia kanga ya mama juu yake, akakaa upande. Nikaendesha pembeni kabisa, polepole.

"Nasikia siku zile mlikuwa mnafaidi barabara," alisema nyuma yangu. Hakusema kwa ubaya. Huenda mama ndiye aliyemwambia.

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ulikwenda mpaka wapi?"

"Karibu na Mtama."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza huko Mtama mpunga ulikuwaje, kama maji yameufikisha mwisho au utavunwa. Nilianza kumweleza. Lori likapiga honi, nikashuka, naye akateremka, tukasimama kwenye majani tukisubiri lipite. Lilipopita nilimsaidia kupanda, na kwa kuwa alikuwa bado anangoja jibu, nikaendelea na habari za mpunga.