Je, Kifo cha Kijana ni Hasara?

Katika mazishi ya kijana mwenye kipawa, aghalabu husimama msemaji akatamka ya kwamba taifa limepata hasara. Waombolezaji hutikisa vichwa kukubali. Lakini hasara ni neno la dukani. Alitumiaye amekwisha kumtia marehemu katika mizani, akamthamini kwa faida ambayo angeileta. Kama ndivyo, basi kijana asiye na kipawa, afapo, amepunguza nini? Na mama yake aambiwe nini?

Sisi wa mlimani twaujua mbuni. Huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na mkulima aukutaye umenyauka kabla ya hapo ana haki ya kulia hasara, maana jasho lake limepotea bure. Binadamu hakupandwa kwa ajili hiyo.

Tarehe 4 Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa miaka 19, aliifungia bao timu ya vijana ya Mbao FC ilipocheza na Mwadui. Muda mfupi baadaye, baada ya kugongana na mpinzani, alianguka uwanjani, akafariki dunia. Ni rahisi kusema angefika mbali. Lakini huko mbali ni wapi? Marc-Vivien Foé wa Kamerun alikuwa amekwisha kucheza Kombe la Dunia mara mbili alipoanguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Naye pia alililiwa kama safari iliyokatizwa. Bao la Kaitaba halikuwa rehani ya mabao mengine. Lilikuwa bao kamili, na mfungaji alilifurahia.

Mwalimu mmoja aliwahi kunipinga: tusipohesabu hasara, nani atajenga viwanja, nani atamweka daktari kando ya mstari? Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Hata hivyo, daktari hawekwi kwa ajili ya mshambuliaji hodari peke yake. Huwekwa kwa ajili ya wote ishirini na wawili, pamoja na yule beki ambaye watazamaji humzomea tangu mwanzo.

Utotoni mwangu Kibosho, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulikuwa na kijana wetu. Jina lake naliacha kwa jamaa zake. Kiwanja kilikuwa mteremko mtupu, hata timu zilibadilishana pande ili kila moja ionje taabu ya kupandisha. Mpira ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, umekazwa kwa kamba. Kwenye ardhi ile apigaye kwa nguvu huupoteza, hivyo yeye aliubembeleza miguuni kana kwamba yai. Tuliapa kwamba siku moja tungemtazama akicheza Uwanja wa Ushirika, Moshi mjini. Homa ilimchukua kabla ya kutimiza miaka ishirini, akazikwa kihambani kwao, kati ya migomba na masale.

Wazee wangali wakisema angefika mbali. Mwenzake aliyecheza naye, ambaye leo ana wajukuu, hayasemi hayo. Nilipomwuliza anakumbuka nini, hakutaja bao hata moja. Alisema kwamba mpira ukiporomoka hadi mfongoni, sisi wadogo tulikuwa tayari kuukimbilia, lakini yeye alitukataza, akashuka mwenyewe kuufuata, akarudi nao akicheka, umelowa maji.