NANI ANAISAHIHISHA SAA?



Kila mmoja wetu amefika hapa leo kwa kutazama saa, ya mkono au ya simu. Simu inapewa saa na mtandao, na mtandao nao unaipokea kutoka mbali zaidi. Yule wa mwisho kabisa, anaulizwa na nani?

Tutazame Ufaransa. Kule Paris kuna Observatoire, nyumba ya elimu ya nyota tangu mwaka 1667, nayo imepewa amana ya saa ya nchi ile. Kuanzia 1933 watu walikuwa wanaipigia simu na sauti inawatajia saa, mpaka huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2022. Saa zake za leo ni za atomiki.

Mtadhani nyumba ya namna hiyo haina mkubwa wa kuisahihisha. Kumbe inapeleka hesabu za saa zake Sèvres, karibu na Paris, kwenye Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo. Pale saa zaidi ya 400 za nchi nyingi zinalinganishwa, na hakuna hata moja inayoitwa ndiyo ya kweli. Saa inayokimbia kidogo, lakini siku zote kwa kadiri ileile, haidharauliwi, kwa maana kosa lake linahesabika. Inayopunguziwa sauti ni ile isiyotabirika. Na hata iliyo bora imewekewa mpaka, isije ikatawala peke yake.

Kisha kila mwezi inatoka karatasi: maabara ya kila nchi kwa jina lake, Marekani imo, Ufaransa imo, na imekosa kwa kiasi gani. Anayetaka anasoma.

Sasa aliyetaja saa mwezi uliopita, na leo karatasi inaonyesha alikosa, je, alisema uongo? Mimi nasema hapana. Alisema alichokijua, na akakubali kupimwa.

Lakini sisi je? Mwenye kushika sanduku la sadaka, mwenye mizani sokoni, karatasi yake ya mwezi iko wapi? Atajibu kwamba watu wanamwamini. Observatoire nayo inaaminiwa.

Mwingine atasema: kosa lao ni la nanosekunde tu, ni rahisi kulitangaza. Ni kweli. Ila karatasi ikifika, mafundi wanaisogeza saa yao polepole kuelekea ile ya wote, wala hawangojei tofauti iwe kubwa.